Farenhaiti kichwani, kwenye joto la Dubai

Dubai hupima joto kwa selsiasi, kama nyumbani Afrika Mashariki. Hata hivyo farenhaiti haikwepeki. Kipimajoto cha kidijitali kutoka duka la dawa la Deira kinaweza kuhamia farenhaiti ukigusa kitufe kimoja, mapishi ya keki kutoka Marekani yanataka oveni ya 350, na ndugu walioko Minneapolis wanakutajia baridi ya kwao kwa nyuzi zao. Wengi wetu tumeshika kanuni moja ya haraka: zidisha selsiasi mara mbili, ongeza 30. Kurudi nyuma, toa 30, gawa kwa mbili.

Anayeishi Ghuba aiache kanuni hiyo. Ni sahihi mahali pamoja tu, kwenye nyuzi 10 za selsiasi, na huku kwetu ni nadra kuziona. Kila ukipanda nyuzi 10 zaidi, kosa linaongezeka kwa nyuzi 2 za farenhaiti. Kwenye nyuzi 45 za mchana wa Julai inakupa 120, wakati jibu ni 113.

Penye homa ndipo inapotisha. Mtoto amepimwa usiku, kioo kinaonyesha 104. Toa 30, inabaki 74, gawa kwa mbili: 37. Mzazi anashusha pumzi, anazima taa. Kumbe 104 ni nyuzi 40 kamili, homa kali. Hata 102, ambayo ni karibu 39, kanuni hii inaisoma 36. Yaani mgonjwa anahesabiwa kuwa mzima.

Hesabu sahihi si ngumu. Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyetangaza kipimo chake mwaka 1724, aliweka sifuri kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia. Ndiyo maana kwake maji matupu huganda kwenye 32. Na kila nyuzi moja ya selsiasi ni 1.8 ya kwake, yaani mbili kasoro moja ya kumi yake. Basi zidisha mara mbili, toa moja ya kumi ya ulichopata, ongeza 32. Jaribu 45: ni 90, toa 9, zinabaki 81, ongeza 32, unapata 113. Haikosei hata kidogo.

Kurudi, toa 32, gawa kwa mbili, kisha ongeza moja ya kumi. Oveni ya 350 inakupa karibu 175, na keki haitalalamika. Kwa homa ongeza moja ya tisa: 104 toa 32 ni 72, nusu yake 36, ongeza 4, ni 40 barabara.

Asiyependa hesabu akariri ngazi hii, maana kila nyuzi 5 za selsiasi ni 9 za farenhaiti: 35 ni 95, 40 ni 104, 45 ni 113, 50 ni 122.

Hesabu hizi zina uzito zaidi kwa wanaofanya kazi juani. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, sheria ya Emirati inazuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa. Lakini joto la mwili halifuati saa. Mwenzako akitoka juani amechanganyikiwa na kipimajoto kinasoma 104 au zaidi, piga 998 kuita ambulensi, mpeleke kivulini na ummwagie maji huku ukisubiri.