Je, Wajua? Butembo Ni ya Tisa Duniani kwa Radi

Je, wajua kwamba Butembo imo katika orodha ya sehemu kumi zinazopata radi nyingi kuliko zote duniani? Setilaiti ya TRMM ilihesabu mimweko ya radi tangu 1998 hadi 2013, na matokeo yakachapishwa 2016. Ziwa Maracaibo la Venezuela liliongoza kwa mimweko 233 hivi katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare, Kivu Kusini, ikafuata. Kampene na Sake nazo zimo, na Butembo ni ya tisa kwa mimweko kama 130. Kweli, mingi huishia mawinguni, lakini inayobaki inatosha kuwakosesha usingizi mafundi wa umeme, kuanzia Butembo hadi Beni.

Je, wajua kwamba radi haina haja ya kuugusa waya? Ikipiga jirani tu, volteji hupanda ghafla kwenye nyaya za nguzoni na kukimbia nazo hadi majumbani.

Kebo iliyofukiwa nayo haijasalimika. Radi huiingilia pale juu ya nguzo, waya wa angani unapoungana nayo. Mbaya zaidi, wimbi la umeme likifika mwisho wa kebo usiounganishwa na kitu hurudi nyuma, na volteji hapo hukaribia kuwa maradufu. Cheche ikiruka kwenye waya wa angani, hewa hurudia hali yake. Plastiki ya kebo ikitoboka haijizibi. Itabidi barabara ichimbwe.

Ndiyo maana kwenye maungio hayo hufungwa kifaa cha kukinga radi kiitwacho parafudri. Ndani yake mna vidonge vya oksidi ya zinki, ambavyo kwa volteji ya kawaida karibu havipitishi umeme. Volteji ikiruka, hufungua njia ya kwenda ardhini, ikishuka, hufunga. Hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, fyuzi ikiwa bado haijashtuka. Lakini waya wa ardhini ukiwa umekatika, au umeibwa kwa sababu ya shaba yake, parafudri hiyo ni pambo la nguzo.

Nawe nyumbani, ukiona wingu linajikusanya, chomoa televisheni mapema. Kuizima kwa swichi hakutoshi: mwanya uliomo ndani ya swichi ni wa milimita chache, na radi imekwisha kuruka kilomita nzima angani.