Kibumba Iliyolisha Goma, na Gunia la Unga

Watoto wa Goma wanaijua Kibumba kwa kabichi. Muulize yeyote anayetumwa sokoni atakwambia: kabichi kubwa kubwa hutoka Kibumba, na karoti, na vitunguu majani, na viazi vyenye udongo mweusi bado kwenye maganda. Kwa miaka mingi vilikuwa vinateremka kwa barabara ya Rutshuru vikiwa juu ya chukudu. Mtoto asiyewahi kuiona chukudu namwelezea: ni ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa vipande vya tairi kuukuu, na usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe. Mwenyewe hupanga magunia, hupiga goti moja juu ya ubao, husukuma kwa mguu wa pili, na mteremko unamchukua mpaka mjini. Kurudi ni kusukuma kwa mikono.

Lijueni hilo kwanza, wajukuu zangu. Kibumba ni mahali pa watu wanaolisha wengine. Asiyelijua hilo hataelewa uchungu wa haya ninayotaka kuwasimulia.

Iko kilomita zipatazo 20 kaskazini mwa Goma, katika teritwari ya Nyiragongo, kati ya mlima wa moto wa Nyiragongo na mlima Mikeno, ubavuni mwa Hifadhi ya Virunga. Ni juu, kuna baridi, asubuhi ukungu unakaa mashambani. Majivu ya volkano yameunenepesha udongo wake. Lakini mlima uliotoa udongo umenyima maji: mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya lava, hakuna mto, hakuna kisima cha kuchimba kwa jembe. Watu hukinga maji ya paa, na yakiisha hubeba madumu kutoka mbali. Kwa hiyo mkulima wa huko ana chakula tele na maji ya shida. Amezoea hivyo, na amelea watoto hivyo.

Novemba 2022 vita vya waasi wa M23 na jeshi la serikali ya Kongo vilifika Kibumba. Watu walitoka na godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, mtoto mgongoni, wakateremka barabara ileile ya kabichi. Wengi waliishia Kanyaruchinya, kwenye uwanja wa mawe meusi karibu kabisa na Goma, wakajenga vibanda vya miti na shitingi. Desemba 23 mwaka huohuo kulikuwa na sherehe: M23 walisema wanaikabidhi Kibumba kwa kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waliokuwa kambini walisikia habari hiyo redioni. Wengi hawakurudi, maana hawakuamini kwamba bunduki zimeondoka kweli. Mashamba yakabaki huko juu, viazi ndani yake.

Hapo ndipo mkulima aliyelisha Goma alipoanza kupanga foleni ya unga.

Sasa niwaeleze mgao ni kitu gani, maana watu wazima hulitaja neno hilo bila kuwaambia watoto hesabu yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo Goma kila mtu huliita PAM, linaanza na swali moja: mtu mmoja anahitaji nguvu kiasi gani kwa siku ili aishi? Nguvu ya chakula hupimwa kwa kilokalori, na wataalamu wa misaada wamechukua 2,100 kuwa kipimo cha wastani kwa mtu, mkubwa na mdogo wakichanganywa pamoja. Kisha wanatafuta vyakula visivyooza, vinavyosafirika kwa lori, vinavyoweza kufikisha hesabu hiyo. Mgao kamili huwa karibu na hivi: gramu 400 za unga wa mahindi kwa siku, gramu 120 za maharagwe, gramu 30 za mafuta, gramu 5 za chumvi.

Kila kitu hapo kina kazi yake. Unga ni nguvu ya kutembea na kufanya kazi. Maharagwe hujenga mwili. Mafuta yametiwa vitamini A, ambayo mtoto akiikosa muda mrefu macho yake hudhoofika hata akapofuka. Hata chumvi ina siri: imetiwa madini ya joto. Sisi watu wa Kivu tunajua kwa nini. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, na watafiti walikwenda huko miaka ya 1960 kuuchunguza. Mwili ulikuwa unalilia madini hayo. Kijiko kidogo cha chumvi sahihi kwa siku kinatosha kuuzuia.

Tuchukue basi nyumba moja, si ya mtu ninayemtaja, nyumba ya kufikiria tu: bibi, mama, baba, watoto watatu. Watu sita. Kwa mwezi mgao wao kamili ni kilo 72 za unga, kilo 21 na nusu hivi za maharagwe, mafuta zaidi kidogo ya kilo 5, na chumvi isiyofika kilo moja. Jumlisheni. Ni karibu kilo 100. Nani ataibeba kutoka mahali pa kugawa mpaka kwenye kibanda, juu ya mawe ya lava yanayokata kandambili? Mwenye chukudu. Naye hawezi kudai fedha kwa watu wasio nazo, kwa hiyo analipwa unga. Gunia limeanza kupungua kabla halijafika nyumbani.

Limefika. Mama anataka kupika maharagwe. Maharagwe makavu yanakula moto masaa mawili, matatu, na yaliyokaa ghalani sana ni zaidi. Mgao hauna kuni wala makala, yaani mkaa. Msitu uliopo ni wa hifadhi, kuingia ni kosa, na humo kuna watu wenye silaha. Wanawake wengi waliokwenda kutafuta kuni wamedhulumiwa vibaya huko. Basi mama anachota unga, anaupeleka njiani, anauuza, ananunua makala. Anachota tena, ananunua sabuni. Mtoto anaumwa, anachota tena. Nimewasikia watu wakisema wakimbizi wanauza msaada kwa sababu wameshiba. Hilo si kweli, na linaniumiza kila nikilisikia. Anayeuza unga ili apate moto wa kupikia unga uliobaki anafanya hesabu ngumu kuliko yoyote mliyowahi kupewa shuleni, na anaifanya kila siku.

Mtazameni anapopika. Usiku ameloweka maharagwe ili yasile makala mengi. Mchana anaweka mafiga matatu ya lava, anachemsha, anafunika sufuria na kukandamiza kifuniko kwa jiwe ili mvuke usitoke. Anatia mafuta mwishoni, yakishaiva, ili yasipotee bure. Bugali anaisonga ngumu, kwa sababu ngumu hukaa tumboni. Wanakula mara moja, saa kumi au kumi na moja jioni, si mchana. Mtoto mwenye njaa mchana atacheza aisahau kidogo. Mwenye njaa usiku hatalala. Bibi anagawa kwa mkono wake: wadogo kwanza, halafu baba, halafu yeye. Mama anakwangua sufuria.

Na hiyo ni pale mgao unapokuja kamili. Fedha zikipungua, PAM hutoa nusu, au ule wa mwezi mmoja unangojewa miezi miwili. Nusu ya unga ni gramu 200 kwa mtu: bakuli moja la bugali, basi mpaka kesho.

Kuna jambo moja la mbali linalonisaidia kuwaeleza. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinapiganwa, Uingereza nayo iliishi kwa mgao. Januari 1940 serikali ilianza kugawa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi kwa vitabu vya kuponi, kila mtu na chake, na mgao wa mwisho, wa nyama, haukufutwa mpaka Julai 1954. Lakini mboga na viazi havikuwekewa kipimo wakati wa vita. Vilikuwa vinalimwa palepale, na watu walihimizwa kugeuza hata bustani za maua kuwa mashamba. Kilichopimwa zaidi kilikuwa kile kilicholazimika kuvuka bahari katikati ya manowari za adui. Leo zipo familia huko zinazojaribu kula kwa vipimo vile kwa wiki au mwezi, ili watoto wajue bibi zao waliishije. Ni jambo jema, nawasifu. Ila wakichoka, duka liko barabarani.

Sasa linganisheni na Kanyaruchinya. Pale kilichopimwa kilitoka mbali, na kilichokosekana kilikuwa kilekile ambacho watu hao wanajua kukilima kuliko mtu yeyote: jani bichi, karoti, kiazi. Mtoto wa Kibumba, aliyezaliwa juu ya shamba la kabichi, alikula bugali na maharagwe wiki nzima bila mboga. Mama alipopata kibarua cha siku kwenye shamba la mwenyeji, alirudi na fungu la lengalenga, na siku hiyo nyumba ilichangamka.

Wadogo kabisa mgao huo hauwatoshi, kwa sababu tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, bugali inalijaza kabla haijampa anachohitaji. Ndiyo maana wahudumu wa afya hupita na utepe wa rangi. Wanauzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko. Kijani, yuko salama. Manjano, anaanza kukonda. Nyekundu maana yake mzunguko wa mkono haufiki milimita 115, na huyo yuko hatarini. Anapewa pakiti za uji mzito wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, usiohitaji maji wala moto. Chakula hicho kilibuniwa Ufaransa miaka ya 1990. Wengi hupona kwa wiki chache. Chukueni kamba, pimeni milimita 115 kwenye rula, mviringishe. Muone ni mduara wa kitu gani.

Kibumba ilikuwa imeshaona foleni za chakula zamani, lakini za wageni. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya Warwanda walivuka mpaka kuingia Goma, na moja ya kambi kubwa ilikuwa Kibumba hapohapo. Miongoni mwao walikuwamo waliofanya mauaji, na walikuwamo wanawake na watoto wasio na kosa. Maji yakaletwa kwa malori, hayakutosha. Watu karibu 50,000 walikufa kuzunguka Goma katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, na jiwe la lava halichimbiki kaburi.

Kuhusu mgao, mwaka ule ulifundisha somo chungu. Mwanzoni chakula kilikabidhiwa kwa viongozi wa kambi wakigawe wenyewe. Viongozi wakaandika watu wasiokuwepo, wakajiwekea ziada, na nyumba zisizo na mwanamume zikapata kidogo kuliko zote. Watoto wa nyumba hizo ndio waliokonda zaidi. Baadaye ikabidi chakula kipewe familia moja kwa moja. Kwa hiyo mkiona leo mama amesimama na kadi yake mwenyewe, jina lake likisomwa, kilo zikipimwa mbele ya macho yake, msidhani ni urasimu tu. Anayeshika orodha ndiye anayeshika sufuria.

Januari 2025 M23 waliingia Goma. Maghala ya PAM yaliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na Februari waliokuwa kambini wakaambiwa waondoke warudi kwao. Vibanda vilibomolewa kwa siku chache. Watu wakapanda tena barabara, shitingi zimekunjwa kichwani. Wengi walikuta nyumba haina paa, na shamba limekuwa kichaka.

Mtu anaweza kusema: vema, wamerudi kwenye udongo wao, mgao wa nini tena? Hapa naomba msikilize kwa makini, kwa sababu hata wakubwa hukosea. Kabichi inataka miezi mitatu. Viazi, mitatu mpaka minne. Mbegu ya kiazi ni kiazi, mbegu ya haragwe ni haragwe. Mtu mwenye watoto watatu wenye njaa na kikapu cha mbegu mlangoni, usiku wa nne au wa tano atafanya nini? Atazipika. Si mzembe; yeyote kati yetu angezipika.

Wataalamu wa kilimo wanalijua hilo, kwa hiyo katika Kivu ya Kaskazini mashirika yamewahi kugawa vitu viwili pamoja: FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, inatoa mbegu na jembe, PAM inatoa chakula cha kula mpaka mavuno, ili mbegu ifike ardhini. Kwa nyumba yetu ya watu sita, kwa miezi mitatu, hiyo ni kama kilo 300 za unga, maharagwe, mafuta na chumvi. Mwaka 2025 fedha za msaada zilipungua duniani kote, na nyumba nyingi zilizorudi zilikosa kimoja au vyote viwili. Wengine walikodisha kipande cha shamba lao wenyewe kwa jirani mwenye mbegu, wagawane mavuno. Wengine waliuza kazi ya mikono yao asubuhi na kulima kwao jioni, safu mbili, tatu, kwa mbegu walizookota kwenye viazi vilivyojiotea vyenyewe chini ya magugu, vile walivyoviacha walipokimbia.