Zambia 2012: Timu Iliyojua Inakwenda Wapi

Mashindano ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 2012 yaliandaliwa kwa pamoja na Gabon na Guinea ya Ikweta. Zambia ilipangwa upande wa Guinea ya Ikweta, na haikukanyaga Libreville, mji mkuu wa Gabon, mpaka ilipoingia fainali. Ni karibu na Libreville ambako ndege ya timu yao ya taifa ilianguka baharini tarehe 27 Aprili 1993, ikiwa safarini kwenda kucheza na Senegal. Wote 30 waliokuwamo walikufa, 18 kati yao wachezaji.

Kila timu husema inataka ubingwa. Zambia ilikuwa na lengo lenye anwani. Kila ushindi kule Bata, Guinea ya Ikweta, uliwasogeza mahali ambapo kila Mzambia anapajua. Kalusha Bwalya, nyota aliyesalimika mwaka 1993 kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na angesafiri kivyake, sasa alikuwa rais wa shirikisho lao la soka. Walipofika Libreville, kabla ya kuikabili Ivory Coast ambayo haikuwa imefungwa hata bao moja katika mashindano yote, walikwenda ufukweni kuweka maua.

Hata hivyo, uchungu wa pamoja hauzuii krosi. Katika saikolojia ya michezo, hasa kutokana na kazi za Mkanada Albert Carron, tunatenganisha mshikamano wa aina mbili. Upo wa kupendana: wachezaji wanataniana, wanakula pamoja, wanatembeleana. Na upo wa kazi: kila mmoja anajua timu inatafuta nini na yeye anadaiwa nini. Wengi hudhani wa kwanza huzaa wa pili. Hans Lenk, Mjerumani aliyepata dhahabu ya kupiga makasia katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, baadaye aliandika kitaaluma kuhusu timu za makasia za kwao zilizogawanyika na kugombana, lakini bado zikashinda. Siutetei ugomvi. Ila kocha anayewapeleka vijana kula nyama choma wakati beki wa kulia bado hajui nani anamfunika akipanda, ameacha kazi yake bila kuifanya.

Ukungu huo wa majukumu ndio unaozaa kutegea. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mfaransa Maximilien Ringelmann aliona kwamba watu wakivuta kamba kwa pamoja, kila mmoja hutoa nguvu pungufu kuliko akivuta peke yake. Mchezaji ambaye wajibu wake unajulikana kwa wenzake hana pa kujificha.

Na nyufa, kwa ninavyoona, huanzia benchi. Katika kikosi cha watu 23, kumi na wawili hukaa nje filimbi ya kwanza inapopulizwa. Asiyepewa kazi hapo huanza kuhesabu makosa ya aliyechukua nafasi yake. Kwa hiyo mwambie ana kwa ana, kabla orodha haijasomwa, kwa nini haanzi. Kisha mpe kazi ya kweli: amtazame winga wa wapinzani, na wakati wa mapumziko aeleze alichokiona, wenzake wakisikia.

Katika fainali ile ya 12 Februari, beki Joseph Musonda aliumia mapema akatoka akilia. Dakika 120 ziliisha 0-0, Zambia ikashinda kwa penalti 8-7, hata kipa Kennedy Mweene akipiga yake na kufunga. Ndipo kocha Hervé Renard akamfuata Musonda, akambeba mikononi hadi kwa wenzake waliokuwa wakishangilia. Kila mchezaji wa akiba aliyeliona tendo lile alijua thamani yake ndani ya timu.

Renard hakuwa mgeni kwao. Aliwafundisha kuanzia 2008, akawafikisha robo fainali mwaka 2010, akaondoka, akarudi 2011. Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, aliyefunga penalti ya mwisho, walikuwa wakicheza pamoja TP Mazembe ya Lubumbashi. Kuelewana kwa namna hiyo huchukua misimu. Inaniuma kuona klabu zetu zikimfukuza kocha baada ya sare tatu, zikabadilisha nusu ya kikosi dirisha dogo, kisha viongozi wakauliza kwa nini wachezaji hawachezi kama timu. Swali hilo wajiulize kabla ya kuandika barua ya kumwachisha kazi.