Shamba Lina Watu Wake

Somo: Ruthu 4:1-12

Ukitoka ibadani leo ukapitia barabara inayopakana na shamba la kahawa, huenda ukaona bango dogo limefungwa kwenye ua. Lina nambari ya shamba, ukubwa wake, na taarifa kwamba mwenyewe anaomba kubadilisha matumizi ya ardhi hiyo kutoka kilimo hadi makazi. Mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza. Wengi wetu hulipita tu. Mimi pia nimewahi kulipita, hadi siku niliposikia tingatinga.

Wakazi wa Kiambu wanaijua hali hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu milioni 1.6 katika kaunti hiyo. Ile ya 2019 ikapata milioni 2.4. Tangu Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe, Ruiru na Juja zimekuwa kama mlango wa pili wa Nairobi, na mashamba ya kahawa yanazidi kukatwa kuwa ploti za futi hamsini kwa mia. Kahawa aina ya Ruiru 11, waliyoanza kupewa wakulima mwaka 1985 kutoka kituo cha utafiti cha mji huo, imelibeba jina la Ruiru hadi mbali, huku nyumbani mibuni ikiendelea kung'olewa.

Jambo hili si jepesi. Kijana aliyefunga ndoa mwaka jana anahitaji mahali pa kuishi. Mzee ambaye kahawa yake haijalipa karo kwa miaka hana kosa akitaka kuuza. Hata kanisa lako, ukiuliza, pengine limesimama juu ya kilichokuwa shamba. Lakini wanaolalamika nao wanauliza mambo ya haki. Maji taka ya nyumba mia mbili yataelekea wapi, na mto uko pale chini? Visima vitatosha? Shule moja ya msingi itapokea watoto wangapi? Na yule mama aliyekuwa akikodi robo ekari kupanda sukumawiki, ataenda wapi?

Boazi alikuwa na mali na nia njema. Angeweza kulimaliza suala la shamba la Elimeleki usiku ule ule, penye uwanja wa kupuria. Badala yake alipanda hadi langoni asubuhi, akaketi, akamwita ndugu aliyekuwa na haki ya kwanza ya kulikomboa, akawaketisha wazee kumi, akalisema shauri mbele ya watu. Ndugu yule aliposikia habari za shamba, alikubali papo hapo. Aliposikia kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu, mjane Mmoabi, na jina la marehemu la kudumishwa, akajiondoa. Alilitaka likiwa tupu.

Ramani zetu nazo huonyesha shamba tupu. Zina ekari, mipaka na barabara za ndani. Hazina kibarua aliyezaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba hilo, akazeeka humo bila hatimiliki ya popote. Langoni ndipo watu wa namna hiyo hutajwa, kabla karatasi hazijatiwa sahihi.

Ila wazee kuketi pamoja hakutoshi. Yezreeli pia ilikuwa na wazee. Barua za Yezebeli ziliwafikia zikiwa na muhuri wa mfalme. Wakatangaza mfungo, wakamketisha Nabothi mbele ya watu, wakaleta mashahidi wa uongo, na shamba la mizabibu likapata mwenyewe mpya (1 Wafalme 21). Ulikuwa mkutano wa hadhara kamili, wenye hata sura ya ibada. Hatusomi popote kwamba mzee mmoja aliuliza swali.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inampa mwananchi siku 14 tangu tangazo litolewe kupeleka pingamizi lake kwa kaunti. Siku 14 ni Jumapili mbili. Sasa fikiria tunavyofanya kwa harusi. Makanisa mengi husoma majina ya wachumba Jumapili tatu mfululizo na kuuliza kama yupo mwenye kizuizi, na hakuna anayedhani kwamba kuuliza hivyo ni kuichukia ndoa. Mbona tangazo la shamba lisisomwe pia wakati wa matangazo, kwa Kiswahili au lugha ya mama, ili shosho wa benchi la nyuma aelewe kinachoombwa karibu na kisima chake? Dakika mbili zinatosha. Tumewahi kutumia nyingi zaidi kutafuta mwenye gari lililoziba njia.

Naye mwombaji akiwa muumini mwenzetu, kama inavyotokea mara nyingi, aketi na majirani awaeleze mpango wake mwenyewe, kama Boazi.

Mwenye pingamizi aandike barua kwa mkurugenzi wa mipango wa kaunti, ataje nambari ya shamba kama ilivyo kwenye bango na sababu zake waziwazi: maji, barabara, mto, shule. Matusi na kabila la mnunuzi vikae nje. Barua ipelekwe kwa mkono, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki nyumbani. Yeremia aliponunua shamba Anathothi alikuwa na hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, akaagiza ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zisiharibike.