Masika yakiisha, kausha chumba cha kulala

Wairani husafisha nyumba zao kabla ya Nairuzi, mwaka mpya wao unaoingia karibu na tarehe 21 Machi. Ulaya ya kaskazini nako nyumba zilifunguliwa majira hayohayo, baada ya miezi ya baridi ya kufunga madirisha na kuwasha makaa ya mawe yaliyoacha masizi ukutani. Kila jamii ilifuata kile kinachochafua nyumba zake. Sisi wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, adui mkubwa wa chumba cha kulala ni maji yaliyomo hewani, na Machi ndiyo kwanza mvua zinaanza. Usafi mkubwa wa mwaka, ule wa kutoa kila kitu nje, wakati wake kwetu ni Juni: masika yamekatika, kusi imeshika, hewa imeanza kupoa na kukauka.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu usafi huo tunaufanya siku mbili kabla ya sikukuu, iwe Idi au Krismasi. Usafi wa sikukuu una heshima yake. Lakini Idi huzunguka na mwezi mwandamo, inaweza kuangukia katikati ya mvua, na Desemba mara nyingi vuli haijaisha. Godoro likitolewa nje siku ya mawingu likarudishwa jioni, limepata matembezi tu. Ukutani, rangi mpya juu ya unyevu hubabuka kabla ya mwaka kuisha.

Tuangalie kinachotendeka ndani ya chumba wakati wa mvua. Dar es Salaam mwezi Aprili unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 80. Mbegu za ukungu zipo hewani mwaka mzima na hakuna sabuni itakayozimaliza. Zinachongoja ni maji. Zikiyapata, huota juu ya chochote kilichotokana na mmea au mnyama: mbao za kabati, viatu vya ngozi, mkanda, kofia, kitabu, hata utando mwembamba wa vumbi juu ya plasta. Ndiyo maana nguo iliyokunjwa safi mwezi Machi hutoka sandukuni Mei ikiwa na madoa meusi na harufu.

Mwenzake ukungu ni utitiri wa vumbi, mdudu mwenye urefu wa karibu theluthi moja ya milimita, asiyeonekana kwa macho. Haumi. Chakula chake ni magamba ya ngozi tunayoyapukutisha usingizini, na maji huyafyonza moja kwa moja kutoka hewani, hivyo unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 kwa muda mrefu hukauka akafa. Madhara yake yako kwenye kinyesi, kinachopeperuka pamoja na vumbi na kuamsha chafya, macho kuwasha na pumu. Pwani unyevu hushuka chini ya nusu kwa nadra, hata Julai. Kwa hiyo tunahitaji vitu vitatu vikifanya kazi pamoja: jua, upepo na maji ya moto.

Anza na kuta, kabla hata ya kugusa ufagio. Vuta kabati, kitanda na sanduku kutoka ukutani, kisha pitisha kiganja. Ukuta wenye ubaridi na unga mweupe unaobanduka una chumvi inayosukumwa na maji kutoka ndani. Katika nyumba za zamani za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe na Lamu, chanzo mara nyingi ni plasta ya saruji iliyopigwa juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Chokaa huruhusu ukuta kutoa unyevu wake nje. Saruji huuziba, na maji hutafuta njia ya ndani, chumbani kwako. Katika nyumba za tofali za saruji, maji hupanda kutoka ardhini pale ambapo fundi hakuweka kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Haya hayaondolewi kwa kupangusa. Yanataka fundi anayejua kazi, na mwenye nyumba anayekubali gharama.

Ukungu wa juujuu, ule uliotokana na hewa tu, unaondoka kwa maji, sabuni na brashi. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, sugua, futa kwa kitambaa safi, kisha acha ukuta ukauke kabisa kabla ya kurudisha samani. Ukitumia jiki, itumie peke yake. Kuichanganya na siki au na dawa ya asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, na kuichanganya na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Katika chumba kidogo gesi hizo huumiza mapafu kwa dakika chache. Dari ya jipsamu iliyolowa ikaota ukungu hadi ndani haisafishiki. Kata kipande hicho, kibadilishwe.

Kabati lirudi likiwa limeachiana na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma yake. Ni jambo dogo, na kwa maoni yangu lina faida kuliko dawa zote za kupulizia zinazouzwa.

Kisha godoro. Wazee wetu waliolalia magodoro ya sufi na vitanda vya kamba walikuwa na faida tuliyoipoteza: kamba hupitisha hewa chini, na sufi ilitolewa ikaanikwa na kuchambuliwa upya. Godoro la sponji lililowekwa juu ya ubao mzima halipumui. Jasho la usiku hushuka hadi chini na kukwama hapo, na ukiligeuza utaona madoa upande unaogusa ubao. Chaga zilizoachiana nafasi ni bora kuliko ubao mzima. Siku ya kuanika, simamisha godoro kwa ubavu, upepo upige pande zote mbili, uligeuze adhuhuri, na uliingize ndani kabla ya saa kumi na moja jioni, kwani baadaye hewa huanza kurudisha unyevu. Kila asubuhi, usitandike kitanda mara tu unapoamka. Kunja shuka hadi miguuni, fungua dirisha, nenda ukaoge na kunywa chai, ndipo utandike.

Shuka na foronya zinahitaji maji ya joto la karibu nyuzi 60 ili kuua utitiri. Huna haja ya kipimajoto: ndoo moja ya maji yaliyochemka ikichanganywa na ndoo moja ya maji ya bomba hukaribia joto hilo. Watoto wakae mbali.

Vumbi liondolewe kwa kitambaa chenye unyevu, ukianzia juu kushuka: dari, panga boi, juu ya kabati, kingo za madirisha, kisha ndipo upige deki. Ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani na baada ya saa moja limetua tena juu ya mto wa kulalia. Nyavu za madirisha msizisahau. Zikijaa vumbi huzuia kusi kuingia, na chumba kinabaki na fukuto hata kukiwa na upepo nje.

Chandarua chenye dawa kina masharti yake. Kifuliwe kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, kwa mikono isiyosugua kwa nguvu, na kianikwe kivulini kwa sababu jua huharibu dawa. Vyandarua vya dawa ya muda mrefu vimetengenezwa kustahimili kufuliwa takriban mara 20, hivyo kukifua kila wiki ni kukimaliza mapema.

Kuhusu kupanga vitu, nina msimamo mkali juu ya sehemu mbili. Ya kwanza ni uvungu wa kitanda. Mabegi ya zamani, maboksi, viatu visivyovaliwa na magunia ya nguo za wadogo waliokwisha kukua huzuia hewa chini ya godoro na kumfichia kunguni makao. Toa vyote. Kinachovalika kipewe mwenye kukihitaji. Ya pili ni rundo la nguo kwenye misumari nyuma ya mlango. Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, ile tunayoiita pia kidingapopo, huuma mchana na hupenda kupumzika mahali penye giza ndani ya nyumba: nyuma ya pazia, uvunguni, kwenye nguo zilizoning'inizwa. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka milipuko ya 2014 na 2019. Kama kuna chombo cha maua chumbani, maji yake yabadilishwe na kuta zake za ndani zisuguliwe kila wiki, maana mayai ya mbu huyu hushikamana na chombo na hustahimili ukavu kwa miezi.

Kunguni ndio wanaowatia watu aibu, nami naomba aibu hiyo tuiache. Hawaletwi na uchafu. Huja na sanduku la msafiri, kochi la mtumba, begi la bweni. Mpangilio mzuri hauwazuii kuingia, bali huwanyima mahali pa kujificha na kukuwezesha kuwaona mapema. Kagua mishono ya godoro na maungio ya kitanda kwa tochi, ukitafuta vidoti vyeusi na maganda. Joto linalopita nyuzi 50 huwaua pamoja na mayai, kwa hiyo maji yaliyochemka kwenye maungio ya kitanda cha mbao hufanya kazi. Dawa za kundi la pairethroidi zimekwisha kuzoewa na kunguni wa sehemu nyingi duniani, na mafuta ya taa kitandani ni kukaribisha moto. Dawa ya chupa isiyo na lebo, inayotembezwa mtaani, isiingie kabisa katika chumba mnamolala.

Udi na buhuri ni mila nzuri na chumba kilichofukizwa kina raha yake. Fukizeni baada ya kukausha. Moshi hauondoi unyevu wala ukungu, hufunika harufu iliyokuwa inakuonya, na kwa mwenye pumu unaweza kumbana kifua.

Kama mtoto anakohoa usiku au anapumua kwa mluzi, chumba kikavu kitampunguzia taabu, lakini mpelekeni pia kituo cha afya. Pumu ina tiba, na mtoto huyo anahitaji kupimwa hata kama nyumba imeshasafishwa.