Nusu ya Safari: Funzo la Toronto kwa Wazazi

Alhamisi ya tarehe 11 Aprili 2024, watu wa pwani yetu wakiwa bado katika furaha ya Iddi, kijana wa Kihindi wa miaka 17 aitwaye Gukesh Dommaraju alikuwa ameinamia ubao wa sataranji mjini Toronto, Kanada, huku dakika zake zikimwishia. Mbele yake aliketi Alireza Firouzja, mzaliwa wa Iran anayeichezea Ufaransa. Gukesh alikuwa amejipatia nafasi nzuri, lakini saa ilipombana alikosea, na mchezo ukamponyoka.

Mashindano hayo ndiyo yanayompata mtu wa kumkabili bingwa wa dunia. Wachezaji wanane hukutanishwa, kila mmoja akicheza na kila mwenzake mara mbili, jumla raundi 14. Mshindi hupata pointi moja, na wakitoka sare kila mmoja huchukua nusu. Raundi ya saba ikimalizika, kila mchezaji amekwisha kuonana na wenzake wote mara moja, na hapo ndipo hesabu huanza kusomeka. Siku ile Ian Nepomniachtchi wa Urusi aliongoza kwa pointi 4.5. Gukesh, aliyeingia ukumbini akiwa sawa naye kileleni, alitoka na pointi 4, pamoja na Fabiano Caruana wa Marekani na Mhindi mwenzake, Praggnanandhaa.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Gukesh alikuja kueleza baadaye kwamba kushindwa kule kulimuuma, lakini katika siku ile ya kupumzika alijiona ametulia na ana nguvu mpya. Tangu hapo hakushindwa tena. Katika raundi ya 13 alikutana na Firouzja kwa mara ya pili, akamshinda. Alimaliza na pointi 9, nusu pointi tu mbele ya watu watatu waliokuwa wakimfuata, akawa mshindi mdogo zaidi kwa umri katika historia ya mashindano hayo. Mwezi wa Disemba, mjini Singapore, alimshinda Ding Liren wa Uchina na kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18.

Mjini humo humo, kwa siku zizo hizo, wanawake nao walikuwa na mashindano yao. Vaishali, dada yake Praggnanandhaa, alipatwa na mtihani mzito zaidi: katikati ya mashindano alishindwa michezo minne mfululizo, na baada ya raundi tisa alikuwa na pointi 2.5 tu. Nani angemlaumu lau angecheza michezo iliyosalia ili tu aimalize arudi kwao? Yeye alishinda yote mitano, mmoja baada ya mwingine, akamaliza na pointi 7.5 katika kundi lililoshika nafasi ya pili, nyuma ya Tan Zhongyi wa Uchina. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nyuma ya vijana hawa kuna nyumba. Mama yao Vaishali na Praggnanandhaa, Bi Nagalakshmi, amejulikana kwa kufuatana na wanawe katika safari za mashindano, akichukua chungu cha umeme ili awapikie wali wa kwao ugenini. Vaishali alianzishwa sataranji utotoni kwa sababu wazazi walitaka kumpunguzia kutazama katuni za televisheni. Baba yake Gukesh, tabibu wa masikio, pua na koo, aliacha kazi yake ili aandamane na mwanawe, na mama, mtaalamu wa vijidudu, akabaki kuitegemeza nyumba kwa mshahara wake.

Si kila mzazi awezaye kuacha kazi, wala si kila mtoto atakuwa bingwa. Lakini kila nyumba yenye mwanafunzi huifikia raundi yake ya saba. Matokeo ya mtihani wa katikati ya muhula huja, alama zimeporomoka, na mtoto husimama mlangoni akiusoma uso wa mamake. Tukimlinganisha papo hapo na mtoto wa jirani, tumekwisha kumhukumu, na ilhali nusu ya kazi bado haijafanywa.

Ratiba ya Toronto ilimpa Gukesh siku nzima ya kupumzika kabla ya kuketi tena mbele ya ubao. Nasi tunaweza kumpa mwana usiku mmoja: ale, alale, kisha asubuhi tuufungue mtihani pamoja naye, swali baada ya swali, tutazame palipomponyoka.