Ukiombwa damu ya utafiti, uliza inakokwenda

Siku hizi si ajabu mgonjwa kuombwa damu ya utafiti wa jeni. Aghalabu swali la kwanza huwa: "Daktari, habari zangu zitapelekwa wapi?"

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako mna maagizo ya urithi yenye herufi zipatazo bilioni 3. Hebu fikiria kuzisoma za watu laki tano! Kompyuta ya mezani haiwezi. Ndiyo maana huwekwa katika kompyuta kubwa za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, ambazo wataalamu huziita "wingu".

Mfano ni hazina ya UK Biobank, Uingereza. Kati ya 2006 na 2010 iliandikisha watu 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Majina huondolewa. Mtafiti aliyepewa kibali hutumia programu ya takwimu, kama ile iitwayo R. Huandika maagizo, na hesabu hufanyika huko huko data iliko. Ni kama maktaba isiyoazimisha vitabu: unaingia na daftari, unatoka na muhtasari.

Muhtasari kama huo una faida. Mwaka 2017 watafiti waliunganisha matokeo kutoka vituo vingi, ya watu karibu 160,000. Waligundua kwamba badiliko moja katika jeni ya G6PD, linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, hushusha kipimo cha HbA1c, yaani kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi. Mtu huweza kuambiwa hana kisukari, kumbe anacho! Kwa hivyo usishangae daktari akikupima pia sukari kabla ya kula. Wazungu pekee wangalipimwa, jambo hilo lisingalijulikana.

Hata hivyo, kuondoa jina si kinga kamili, kwani jeni zako hazifanani na za wengine, ila pacha wako wa kufanana. Kabla ya kutia sahihi, uliza: data itawekwa wapi? Nani ataitumia? Je, naweza kujiondoa baadaye? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hapa Kenya inahesabu habari za afya na jeni kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuelezwa matumizi yake.

Usione haya kuuliza. Mtafiti mwema atakujibu.